Monita Tatu za Simuleta ya Ndege: Anza na Tanjenti, Si na Bumu

Kila bumu likitoka, huko magetoni lazima utasikia mtu kanunua monita ya pili. Wengi wanaitaka kwa mpira, filamu au kuandika programu, na kwa kazi hizo hakuna cha kupima: unachomeka waya, unawasha, basi. Simuleta ya ndege ni habari nyingine. Hapo monita inageuka kuwa dirisha, na dirisha lina masharti yake. Mimi nasoma ualimu wa Hisabati na Fizikia, na nakuhakikishia kwamba hesabu yote unayohitaji ulishafundishwa sekondari, siku ile mwalimu alipochora pembetatu mraba ubaoni na darasa zima likanong'ona, "tan itatusaidia nini?"

Nina sababu yangu ya kulishikia bango jambo hili. Mdogo wangu kamaliza Kidato cha Sita na anachotaka ni urubani tu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mtu awe na angalau saa 40 za kuruka kabla ya leseni ya rubani binafsi, au 35 akipitia kozi iliyoidhinishwa. Saa za simuleta ya nyumbani hazimo humo. Lakini kila saa ya ndege halisi inalipiwa ndege, mafuta na mwalimu, na nyumbani kwetu pesa hiyo itapatikana kwa kudunduliza. Sitaki aje atumie saa za kulipia kujifunza wapi pa kutazama. Na simuleta iliyopangwa ovyo ni mbaya kuliko kukosa simuleta, maana inalizoesha jicho uongo ambao baadaye atalipa pesa kuufuta.

Twende kwenye uwanja ninaoutumia kumfundishia, Abeid Amani Karume wa Zanzibar. Ranwei yake, yaani njia ya kurukia na kutua, imelala kaskazini-kusini: inaitwa 36 ukiwa unatazama kaskazini, na 18 ukiwa unatazama kusini. Programu ni FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa, na ndege ni Cessna 172, ile ndogo ya injini moja inayofundishia marubani duniani kote. Unaruka kwa 36, unapanda, unakata kushoto kuelekea baharini, kisha unakata tena kushoto na kurudi kusini sambamba na ranwei. Bahari iko kulia kwako. Ranwei je? Iko kushoto kabisa, nyuzi 90 kutoka pua ya ndege. Ukifika usawa wa mwanzo wake unapunguza nguvu ya injini. Unaendelea mpaka mwanzo ule ubaki nyuma ya bega lako la kushoto kwa nyuzi 45, ndipo unakata kushoto kwenda kutua. Mzunguko huu ndio mkate wa kila siku wa mwanafunzi wa urubani, na karibu wote unafanyika huku ukitazama pembeni.

Sasa pima monita yako. Monita ya inchi 24 ya siku hizi, ile pana, ina upana wa sentimita 53 hivi. Kaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Nusu ya upana ni 26.5, gawanya kwa 60, bonyeza shift halafu tan kwenye kalkuleta, unapata nyuzi 23.8. Zidisha mara mbili: dirisha lako lina nyuzi karibu 48. Ranwei iliyoko nyuzi 90 utaionea wapi?

Kuna watu wanajibu kwa kuingia kwenye mipangilio na kuvuta pembe ya kuona mpaka nyuzi 90 au zaidi, ili "vionekane vingi". Vitaonekana, ndiyo, lakini kwa gharama. Ukibana nyuzi 90 ndani ya dirisha la nyuzi 48, vitu vya mbele vinakuwa vidogo kuliko nusu ya ukubwa wake wa kweli. Ranwei inaonekana mbali wakati iko karibu. Mtu aliyezoea picha hiyo, siku akiingia kwenye ndege halisi atadhani ardhi inamrukia usoni. Kwa hiyo sharti la kwanza, na ndilo ninalomrudia mdogo wangu kila siku: pembe ambayo programu inachora lazima iwe sawa na pembe ambayo jicho linaiona kutoka kwenye kiti.

Ukitaka kuona zaidi bila kudanganya, njia ni mbili tu: sogea karibu au ongeza madirisha.

Kwenye kuongeza, usikimbilie monita tatu mpya zinazofanana. Zile monita za zamani za ofisini za inchi 19, zenye umbo la karibu na mraba, zinauzwa mtumba kwa bei ya huruma, na zina sifa moja ambayo wauzaji wenyewe hawaitaji. Kioo chake kina kimo cha sentimita 30, na cha inchi 24 pana nacho ni karibu 30 ile ile. Zikikaa ubavu kwa ubavu, upeo wa macho unapita kwenye mstari mmoja bila kuvunjika. Upana wake ni sentimita 37.6, kwa hiyo kwa umbali wa sentimita 60 kila moja inakupa nyuzi karibu 35.

Picha za mtandaoni zitakuonyesha moja kulia na moja kushoto. Zinapendeza, lakini piga hesabu: nusu ya monita ya katikati ni 23.8, ongeza 34.8, unafika nyuzi 58.6 kila upande. Ranwei bado huioni, si kushoto wala kulia! Sisi monita zote mbili za inchi 19 tumeziweka kushoto. Rubani wa Cessna anakaa kiti cha kushoto, na mzunguko wa kawaida ni wa kushoto, kwa hiyo kulia tumejinyima kwa makusudi. Hesabu inakuwa 23.8, ongeza 34.8, ongeza tena 34.8: nyuzi 93 na ushee. Mwanzo wa ranwei unapita dirishani pale pale unapotakiwa kupunguza nguvu. Wageni wanaoingia getoni wanadhani tumeishiwa meza upande wa kulia. Zile 45 za nyuma ya bega bado ziko nje ya kioo, na kwa hizo unabonyeza kitufe cha kugeuza kichwa, kama ambavyo kwenye ndege ungegeuza shingo.

Ukisogea mpaka sentimita 50, mpangilio huo huo unakupeleka hadi nyuzi 110. Ila meza inakuwa finyu, na macho yanachoka mapema.

Kuzipanga, chukua uzi. Kata wenye urefu wa sentimita 60 kamili, mwenzako aushike usawa wa jicho lako ukiwa umekaa. Katikati ya kila monita iguse ncha ya uzi, na kioo kiwe wima kwa uzi huo, nyuzi 90 kwa kipimapembe. Zilizo fupi zinyanyue kwa vitabu. Hendauti za mwaka wa kwanza zimepata kazi hatimaye. Usisahau fremu. Fremu mbili zikikutana zinaweza kula sentimita 3, ambazo kwa umbali huo ni karibu nyuzi 3. Bila fremu, katikati ya monita ya kwanza ya kushoto ingekuwa nyuzi 41 kutoka mbele, na ya pili 76. Ukiweka fremu zinakuwa 44 na 82. Hizo namba mbili ziandike mahali.

Zinakwenda wapi? Hapa ndipo wengi wanapoharibu hata baada ya kupanga meza vizuri. Kompyuta ikiona monita tatu inakubali kuzifanya kioo kimoja kirefu, na simuleta inachora picha moja bapa juu yake. Picha bapa inavuta pembeni: kitu kilichoko nyuzi 60 kutoka katikati kinatanuliwa kwa upana mara 4 ukilinganisha na kilichoko mbele. Nyumba zinakuwa kama mabasi. Dawa ni kuipa kila monita kamera yake. FlightGear inasoma faili la maandishi la XML lenye kundi la kamera, na kila kamera unaiandikia dirisha lake, mwelekeo wake kwa nyuzi (0, 44, 82) na pembe yake ya wima. Pembe ya wima ni ile ile kwa zote tatu, nyuzi 28, kwa sababu kimo cha vioo ni kimoja. Unaona faida ya kuoanisha inchi 19 na 24. X-Plane, ambayo ni ya kulipia, inauliza mambo hayo hayo kwenye menyu, monita kwa monita.

Kuhusu mashine, kwa ufupi. Hesabu matundu ya nyuma kabla ya kununua chochote. Kompyuta za ofisini zenye Intel za kizazi cha tatu, za mwaka 2012, zinaweza kuwasha monita tatu bila kadi ya ziada kama matundu yapo, lakini kuwasha si kuchora. Inchi 24 ina nukta milioni 2 na ushee. Ukijumlisha na mbili za inchi 19 zinafika karibu milioni 4.7, zaidi ya mara mbili ya kazi. Punguza mawingu na miti, au tafuta kadi ya picha. Kadi za siku hizi hazina tundu la VGA, kwa hiyo kwa monita za zamani utahitaji kigeuzi. FlightGear pia inakubali kugawana kazi kwa mtandao: kompyuta moja inapiga hesabu za ndege na kuzituma mara nyingi kwa sekunde, nyingine zinachora tu, kila moja na monita yake. Maabara ya shule yenye kompyuta tatu dhaifu inaweza kufanya hivyo, na mimi nikienda mazoezi ya kufundisha nina somo langu la trigonometria tayari.

Ikiwa unachojifunza ni kusoma vyombo tu, acha monita hizo dukani. Edwin Link alitengeneza simuleta yake mwaka 1929 kule Binghamton, Marekani, kwa ujuzi na vifaa vya kiwanda cha vinanda cha baba yake. Mwanafunzi alifunikwa ndani ya kiboksi, haoni nje hata kidogo, na maelfu ya marubani walijifunza hivyo kuruka kwa vyombo. Dirisha ni la yule anayejifunza kutazama.

Mwisho, jaribio la kuthibitisha. Weka ndege mwanzoni mwa ranwei 36 ya Zanzibar, tarehe 21 Machi, muda wa jua kuzama. Siku hiyo jua linazama karibu magharibi kamili, yaani nyuzi 90 kushoto kwako. Kama fremu zako ni kama zetu, jua litakuwa kwenye monita ya mwisho, sentimita 8 hivi kushoto mwa katikati ya kioo. Chukua rula upime. Likiwa sentimita moja huku au kule, endelea na safari. Likiwa kwenye monita ya kati ya hizo tatu, rudi kwenye faili la XML uangalie namba ya pili.