DARSA KATIKA JAWABU YA PICHA ZA KEJELI

 

Makureshi walipokuwa wakimtukana Mtume (S.A.W.), hawakupenda kulitamka jina lake, kwani Muhammad maana yake ni mwenye kusifiwa, na mtu hawezi kusifu na kutukana kwa neno moja. Basi wakaligeuza, wakamwita Mudhammam, yaani mwenye kulaumiwa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa Abu Huraira, ya kwamba Mtume aliwaonyesha sahaba zake ajabu ya jambo hilo: Makureshi wamtukana Mudhammam na kumlaani, na hali yeye ni Muhammad, hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomwepushia matusi yao. Hadithi hii ni fupi na wengi huipita upesi, nayo ndiyo msingi wa darsa hii.

Tarehe 30 Septemba 2005, gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilipiga chapa picha 12 za kejeli, ziitwazo katuni, na nyingi katika hizo zilidaiwa kuwa ni sura ya Mtume. Iliyoudhi zaidi ilikuwa ya mtu aliyevaa kilemba chenye bomu. Udhuru wa gazeti ulikuwa kwamba mtungaji mmoja wa vitabu vya watoto alitaka kuandika maisha ya Mtume, akapata taabu ya mchoraji kwa sababu ya khofu. Nao wakataka kuipima khofu hiyo. Yafaa ijulikane, kwani wengi waliokasirika hawakupata kuambiwa, ya kuwa si wachoraji wote waliomchora Mtume. Mmoja alichora mvulana wa shule aitwaye Muhammad, amesimama mbele ya ubao, na ubaoni pameandikwa kwa Kifursi maneno ya kuwakejeli wahariri wa gazeti lile lile.

Mwezi wa Oktoba wajumbe 11 wa nchi za Kiislamu walimwandikia Waziri Mkuu, Anders Fogh Rasmussen, wakataka kuonana naye. Akakataa, akajibu kwamba serikali haina amri juu ya magazeti, na mwenye kudhulumiwa aende mahakamani. Kwamba serikali haiamrishi magazeti ni neno la kweli. Lakini kumpokea mgeni na kumsikiliza si kuamrisha gazeti, na mlango ule uliofungwa ulileta madhara kuliko picha zenyewe.

Mwezi wa Desemba baadhi ya maimamu wa Denmark walisafiri mpaka Misri na Lebanon, wamechukua jalada la karatasi. Ndani yake mlikuwamo picha tatu ambazo gazeti halikuzitoa kamwe. Moja ilikuwa ni picha ya mtu wa Ufaransa aliyevaa pua ya nguruwe katika mashindano ya kuiga mlio wa mnyama huyo, wala haikuhusu Uislamu hata kidogo. Wenye jalada walisema kwamba picha hizo walipelekewa Waislamu wa Denmark na watu wa kuwaudhi. Huenda ni kweli. Ila zilipofika masokoni na misikitini hapakuwa tena na mwenye kupambanua ipi ni ya gazeti na ipi siyo. Na amri ya Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, ya kuchungua habari kabla ya kutenda, haikutoa ruhusa kwa mwenye hasira.

Yaliyofuata mwezi wa Februari 2006 yajulikana. Tarehe 4 ulichomwa ubalozi wa Denmark mjini Damascus, na siku ya pili yake ikachomwa nyumba yenye ofisi ya ubalozi mjini Beirut. Hata Nairobi watu walitoka baada ya sala ya Ijumaa ya tarehe 10, na polisi wakawatawanya. Tarehe 17 mjini Benghazi, waziri mmoja wa Italia alipokwisha kujionyesha na fulana yenye picha hizo, watu waliukusanyikia ubalozi mdogo wa Italia na polisi wa nchi yao wakawapiga risasi, wakafa. Kesho yake mjini Maiduguri, Nigeria, makanisa yalitiwa moto na Wakristo wakauawa, watu ambao hawakupata kuiona Denmark wala kulisoma gazeti lake. Na ihesabiwe basi: katika maiti wote hao, ni yupi aliyeshika kalamu ya kuchora?

Mtume mwenyewe alipokejeliwa na washairi wa Makureshi alimwamuru Hassan bin Thabit awajibu kwa mashairi, na imepokewa kuwa aliwekewa mimbari msikitini kwa kazi hiyo. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwani Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa beti katika karne ya 19, na kila upande ulijua ya kuwa beti hujibiwa kwa beti. Kaab bin Zuhair alimkejeli Mtume, kisha akaja Madina hali ya kutubu, akamsomea kasida, akapewa burda.

Atasema mwenye kusema: na Kaab bin Al-Ashraf, je, hakuuawa? Aliuawa, wala si haki kuificha habari hiyo. Lakini maulamaa wameeleza kuwa huyo, baada ya vita vya Badr, alikwenda Makka kuwachochea Makureshi warudi vitani, na amri ilitoka kwa mwenye dola. Maulamaa walikhitilafiana juu ya adhabu ya mwenye kumtukana Mtume; ila hukumu waliiweka kwa kadhi na mtawala, baada ya ushahidi, si kwa kila mwenye silaha. Wale ndugu wawili walioingia katika gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris tarehe 7 Januari 2015 hawakuwa kadhi wala mtawala. Waliua watu 12, na mmoja wao alikuwa Ahmed Merabet, askari polisi, Mwislamu, aliyekuwa amelala chini hali amejeruhiwa. Na gazeti lililokuwa likiuza nakala makumi ya maelfu likapiga chapa mamilioni, na picha nyingine ya kejeli juu ya jalada.

Ama huo uhuru wa kusema, Wazungu hawakuuzua kwa ajili ya kuwaudhi Waislamu. Mwaka 1545 Luther alitoa picha za kumkejeli Papa, naye Papa alikuwa na nguvu kubwa. Na mwaka 1832 mchoraji Daumier alifungwa Ufaransa kwa kumchora mfalme akila mali ya raia. Kwao kalamu ya dhihaka ni silaha ya mnyonge juu ya mwenye gereza. Kwa kipimo hicho hicho waweza kuulizwa: Waislamu wa Denmark, wachache na wageni, walikuwa na gereza gani? Tena gazeti lile lile mwaka 2003 lilikataa picha za mzaha juu ya kufufuka kwa Yesu, kwa hoja ya kuwa zingewaudhi wasomaji. Na mwezi wa Desemba 2023, baada ya misahafu kuchomwa moto hadharani, bunge la Denmark lilipitisha sheria ya kukataza kuvivunjia heshima vitabu vitakatifu. Basi mpaka upo hata kwao. Ugomvi ni juu ya mahali pake, na ugomvi wa namna hiyo hupiganwa kwa barua, kwa wakili na kwa hoja.

Limebaki jambo moja ambalo baadhi ya wakubwa wa dini hawapendi litajwe. Heshima ya Mtume ni ya Mtume. Haimfuniki kila mwenye kanzu na kilemba. Abubakar Siddiq aliposhika ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akitenda mema na wamnyoshe akipotoka, naye alikuwa mbora wao. Msimamizi wa wakfu akichorwa gazetini ana tumbo limejaa kodi za nyumba za mayatima, hana ruhusa ya kuwakusanya vijana baada ya sala ya Ijumaa na kuwaambia kuwa dini imetukanwa. Kilichoulizwa hapo ni daftari la hesabu, na kodi hizo zilipokewa mwaka gani, na nani alitia saini.