SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KULINDA SIRI ZILIZOMO KATIKA MAFAILI YA USANIDI WA SWICHI

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, huendeshwa kwa maagizo yaliyoandikwa katika faili la usanidi. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, na yeyote aliyelipata aweza kulisoma. Ndani yake mna anwani za mtandao za kila idara, majina ya wasimamizi pamoja na maneno yao ya siri, na funguo ambazo swichi hutumia kuwasiliana na seva.

Ichukuliwe kwa mfano ofisi ya umma iliyoko Sanya Juu, Wilaya ya Siha. Mtandao unapokwama, fundi wa hapo hunakili faili zima na kumpelekea mwenzake wa Moshi kwa simu au barua pepe ili amsaidie kutafuta kasoro. Nia ni njema, na pengine kasoro huonekana siku ile ile. Lakini nakala hubaki katika simu mbili, na hakuna ajuaye simu hizo zitaishia mikononi mwa nani. Faili lenyewe halina taarifa za mgonjwa wala za mlipa kodi, ila linaonyesha njia ya kuzifikia. Na taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023.

Wengi hudanganyika na maneno ya siri yanayoonekana kama yamefumbwa. Katika swichi za Cisco, tarakimu inayotangulia neno la siri hueleza namna lilivyohifadhiwa. Tarakimu 0 maana yake neno limeandikwa wazi. Tarakimu 7 huwatia watu moyo bure, kwani fumbo lake hufumbuliwa papo hapo kwa programu zilizojulikana tangu miaka ya 1990. Liliwekwa kuzuia macho ya mpita njia tu. Tarakimu 5 ina nguvu zaidi, lakini imepitwa na wakati. Mwaka 2022 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilishauri itumike aina ya 8. Hata hiyo isitumwe nje, kwa kuwa neno dhaifu, kama jina la ofisi na mwaka, kompyuta hulibahatisha upesi.

Kwa hiyo, kabla faili halijatoka ofisini, fundi hana budi kutengeneza nakala ya pili na kuondoa humo maneno ya siri, funguo na majina ya watumiaji. Anwani zisifutwe ovyo. Kila anwani ipewe mbadala mmoja usiobadilika popote inapojitokeza, la sivyo msaidizi hataweza kuifuata kasoro. Ikiwa nakala nzima imekwisha kutumwa, kufuta ujumbe hakutoshi. Maneno yote ya siri na funguo zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Vifaa vichakavu navyo viangaliwe. Mwaka 2023 kampuni ya ESET ilieleza kuwa ilinunua ruta 18 zilizokwisha kutumika, na zaidi ya nusu ya zile ilizochunguza zilikuwa bado na usanidi wa wenyewe wa awali. Swichi isipelekwe mnadani kabla usanidi wake haujafutwa. Aidha, katika swichi nyingi za Cisco za jamii ya Catalyst, orodha ya mitandao ya idara huhifadhiwa katika faili jingine, ambalo hubaki hata usanidi ukifutwa. Nalo lifutwe kwa agizo lake, kisha kifaa kiwashwe upya na kukaguliwa mbele ya mtunza stoo kabla hati ya kukitoa haijatiwa saini.