Mwalimu, Kwa Nini Tunakaa Juu na Maji Yako Chini?

Wanachuo wenzangu, msimu wa TP unakaribia tena. Nimeshaanza kusikia watu wanaomba Mungu wasipangwe mbali na mji, na jina la Newala likitajwa tu, mtu anashika kichwa. Mimi nilipangwa huko mwaka jana, kwenye sekondari ya kata, kijiji cha wakulima wa korosho na muhogo. Nimerudi mzima, ila nimerudi na deni.

Deni lenyewe ni hili. Nilikuwa nafundisha Jiografia kidato cha pili, mada ya mito. Nilijiandaa haswa: Nile, Kongo, Zambezi, ubao ukajaa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili wakati utaratibu ni Kiingereza: "Mwalimu, kwa nini sisi tunakaa juu na maji yako chini? Ina maana mababu zetu hawakuwa na akili?" Darasa zima likacheka. Nikamwambia hilo haliko kwenye mada, tuendelee. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Alikaa chini, na wiki zote zilizobaki hakuuliza kitu tena.

Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Wewe unayekwenda huko mwaka huu, nenda nalo.

Kisiwa cha nchi kavu

Fungua ramani ya Mkoa wa Mtwara. Uwanda wa juu wa Makonde umekaa kati ya mto Ruvuma upande wa kusini na mto Lukuledi upande wa kaskazini. Mashariki unashuka polepole kuelekea Bahari ya Hindi. Magharibi, ambako ndiko Newala iliko, unakatika ghafla kwa mteremko mkali. Ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji.

Ukishuka kwenda Masasi unakutana na nchi nyingine kabisa: tambarare yenye vilima vya mwamba mtupu vilivyochomoza kimoja kimoja. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, alivipa vilima vya aina hii jina la Kijerumani lenye maana ya "mlima-kisiwa". Jina hilo linatumika duniani kote hadi leo.

Newala nayo ni kisiwa kwa namna yake. Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua inanyesha, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini udongo ni wa kichanga na una kina kirefu. Maji yanazama, halafu yanatokeza chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Kisiwa cha baharini kimezungukwa na maji; hiki kina maji miguuni pake, na watu wako kichwani.

Kwa nini walipanda?

Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, naye alijiuliza swali lile lile la mwanafunzi wangu. Simulizi aliyoiandika inasema mtu wa kwanza wa Wamakonde alichonga sanamu ya mti, ikawa mwanamke. Walipokaa karibu na mto, mtoto wao alizaliwa mfu. Walipopanda juu, wakapata mtoto aliye hai. Wakausiwa wasikae mabondeni, kwa sababu huko kuna maradhi. Ukiisoma kama mwalimu wa Jiografia, hiyo si hadithi tu, ni somo la afya: bonde lina mafuriko, lina mbu.

Sababu ya pili ni usalama. Karne ya 19 watu wa kusini waliwindwa na wafanyabiashara ya watumwa, na pia walivamiwa na Wangoni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 kijiji hicho kikavamiwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Baada ya hapo wamisionari walihamia wapi? Walipanda Newala. Kule juu kulikuwa na vichaka vinene ambavyo mgeni hapenyi bila kujulikana.

Kwa hiyo jibu kwa kijana wangu: mababu zako walikuwa na akili sana. Walipima kiu na mnyororo, wakachagua kiu. Anayeteka maji mbali jioni anarudi nyumbani. Anayetekwa harudi.

Korosho, bati na kisima

Vita viliisha, kiu ikabaki. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa maji wa Makonde, ambao husukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu. Kuanzia miaka ya 1970 Finland nayo ilisaidia miradi ya maji Mtwara na Lindi. Lakini maji ya kupandishwa yanataka nguvu muda wote: pampu ikisimama, bomba linakauka.

Ndiyo maana pale kijijini kitu cha kwanza kutazama kwenye nyumba ni paa. Mwenye bati anafunga gata na kuchimba kisima cha saruji uani, mvua inamjazia. Mwenye nyasi hana cha kukinga. Na bati linatoka wapi? Kwenye korosho. Mchanga ule ule unaoficha maji ndio unaoufaa mkorosho, kwa kuwa mizizi yake inakwenda chini sana.

Ila korosho nayo ina historia ya kupanda na kushuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikaachwa mbali, bei ikawa mbaya na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Msimu wa 2017/18 yalivuka tani 300,000. Tangu 2007 mkulima anapeleka korosho AMCOS, zinauzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani.

Lakini mnada haumsubiri mwenye njaa. Miezi ya dhiki, kabla ya mavuno, anapita mtu wa kangomba na fedha mkononi, anainunua korosho ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa. Mnada ukifika, mkulima huyo hana cha kupeleka. Hapati bati, hapati kisima, na mwaka unaofuata ananunua maji ya dumu kwa bodaboda. Mtoto wake ndiye anayeingia darasani saa mbili na nusu, nasi tunamwandika mtoro.

Ukifika huko

Usianze na mto Nile. Siku ya kwanza watume wanafunzi wahesabu mapaa ya bati na ya nyasi kwenye mtaa wao, waulize kila nyumba maji yanatoka wapi mwezi wa Oktoba. Wachore ramani ya njia ya maji. Wawaulize bibi na babu kwa nini ukoo ulipanda juu. Hapo una mada ya mito, udongo, kilimo na makazi, na hujatumia hata shilingi.

Na akitokea mmoja akakuuliza kitu kwa Kiswahili, kitu ambacho hakimo kwenye andalio la somo, tafadhali usimkalishe. Kama hujui, mwambie hujui, kisha katafuteni pamoja.

Kijana wangu sasa yuko kidato cha tatu. Jarida likitoka, nakala moja naipeleka posta.