Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Ni desturi yetu kumsifu mkulima kwa wingi wa magunia yake. Mwenye ghala lililojaa mahindi husemwa kwamba njaa haijui mlango wake. Lakini sivyo daima. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ndiyo iliyotangulia: huko karibu nusu ya watoto, au hata zaidi, walikutwa hivyo. Nayo ni mikoa isifiwayo kwa mahindi!

Sababu ni nyingi; maradhi na kazi nzito za akina mama zimo. Lakini moja twaiona kila siku kwa macho yetu. Mtoto hupewa uji wa mahindi mtupu, kisha ugali na mboga kidogo. Mayai yauzwa, maharagwe yauzwa, parachichi zapakiwa malorini, na sehemu ya fedha hurudi nyumbani kwa sura ya soda na biskuti.

Leo twataka kumtaja mtu anayesahauliwa: mtoto mkubwa. Mama aendapo shambani, ni nani abakiye na mdogo? Mara nyingi ni dada wa miaka tisa au kumi. Ndiye akorogaye uji, ndiye alishaye. Nasi twajua kwamba udumavu huingia hasa tangu mimba hata mtoto atimizapo miaka miwili, na kimo kilichopotea wakati huo ni vigumu kukirudisha. Basi afya ya mtoto imo mikononi mwa mtoto mwenzake, wala hakuna aliyemfundisha.

Tumfundishe. Kwanza, anawe mikono kwa sabuni. Pili, mdogo aliyepita miezi sita asipewe uji mtupu: utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa. Tatu, ajue thamani ya mchicha, mgagani, matembele na majani ya maboga, maana yalinda macho na damu. Mafuta kidogo husaidia mwili kuyapokea.

Nne, apewe kitalu chake. Maganda ya mgagani yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka, ayachume katika mimea iliyo bora, ayaanike, ayapure, na mbegu azichanganye na majivu makavu ndani ya kibuyu. Mbegu chotara ya mahindi hununuliwa dukani kila mwaka. Hii yaweza kutoka kwa bibi hata kwa mjukuu bila senti moja. Nyumba yenye kibuyu hicho imeanza kujitawala katika chakula.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba ili watoto wajifunze kwa kutenda. Lakini jembe likifanywa adhabu, mtoto hulichukia maisha yake yote. Wala hatusemi watoto waache masomo na kubeba mzigo wa wazazi. Ni juu ya baba kuamua kwamba mayai mengine hayaendi sokoni.

Enyi wazazi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kabla ya kuhesabu magunia ya mwaka huu, tazameni kwanza bakuli la mdogo kuliko wote, mkamwulize aliyemlisha: leo umempa nini?