Kubeti kwa Kripto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutuma Pesa

Kijitabu hiki ni cha vijana, wazazi na wafanyabiashara wa Eastleigh, kuanzia First Avenue hadi Section Three. Siku hizi simu moja inatosha kununua USDT, aina ya kripto, kwa M-Pesa na kuipeleka kwenye tovuti ya kamari iliyo ng'ambo. Wengi hufanya hivyo wakiamini kwamba kwa kuwa hakuna aliyewazuia, basi sheria imewaruhusu. Sivyo.

Je, kripto ni halali Kenya?

Kumiliki kripto si kosa. Hata hivyo, si shilingi. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilionya kwamba Bitcoin na sarafu za aina hiyo si pesa halali ya nchi, na kwamba anayepata hasara hana kinga. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba. Kampuni inayouza, kubadilisha au kuhifadhi kripto ya wateja lazima iwe na leseni ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria ilipoanza, taasisi hizo mbili zilitangaza kwamba zilikuwa bado hazijaipa kampuni yoyote leseni.

Na kamari?

Sheria ya zamani ilikuwa ya mwaka 1966. Sasa kuna Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025. Kampuni lazima iwe na leseni ya Kenya, na mchezaji awe ametimiza miaka 18. Leseni ya ng'ambo, kama ile ya Curaçao, haiipi tovuti ruhusa ya kuendesha kamari hapa.

Kwa Muislamu, leseni haibadilishi hukumu ya dini: kamari imeharamishwa katika Sura ya Al-Maida.

Kripto na kamari zikikutana

Tovuti isiyo na leseni haihalalishwi na namna unavyoilipa. Ukitumia kripto, unazidi kujiweka mbali na msaada. Mwaka 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, iliagiza nambari zao za paybill zifungwe. Tovuti inayopokea kripto tu haina paybill ya kufungwa, na mara nyingi haina ofisi wala mtu wa kushtakiwa hapa nchini.

Ukikosea kutuma M-Pesa, unaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 ukaomba pesa zirudishwe. Kripto ikishathibitishwa kwenye mtandao wake, hakuna wakala wala benki inayoweza kuirudisha.

Usikodishe laini yako

Kuna vijana wanaoombwa watumie laini zao za M-Pesa kupokea pesa za watu wasiowajua, kisha wanunue USDT na kuituma kwingine, huku wakiahidiwa kamisheni. Pesa hizo zikiwa za wizi, jina litakalosomeka kwenye rekodi ni lako. Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha ina adhabu kali, na tangu Februari 2024, Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa na FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, uchunguzi wa miamala ya aina hii umezidi kutiliwa mkazo.

Dalili za utapeli

- Unaambiwa ulipe "kodi" au "ada" kwanza ndipo utolewe ushindi wako.
- Kikundi cha Telegram kinauza utabiri "usiokosea".
- Ushindi unaonekana kwenye skrini, lakini kila ukitaka kuutoa unapewa sharti jipya.
- Mtu anakuomba maneno ya siri ya pochi yako ya kripto au PIN ya M-Pesa.

Ufanye nini

- Usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti. Uliza nambari ya leseni, kisha uithibitishe kwa mamlaka inayosimamia kamari.
- Umeshatapeliwa? Usitume hata shilingi moja zaidi. Hifadhi picha za skrini, anwani ya pochi na ujumbe wa M-Pesa, kisha uripoti kwenye kituo cha polisi kilicho karibu.
- Mzazi, ukiona mtoto anakopa kila mara au anaficha simu, zungumza naye mapema, kwa upole.

Mtaji wa duka, karo ya shule na zamu yako ya ayuuto au chama ni jasho la watu wengi. Usipeleke pesa hizo mahali ambapo zikipotea hakuna wa kumdai.