Mwalimu na Malezi ya Kwao

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Methali hii kwa kawaida husemwa juu ya wanafunzi, lakini katika somo hili tutaielekeza kwa mwalimu mwenyewe, hasa kijana aliye chuoni akijifunza kazi hiyo. Yeye naye alikuwa mtoto. Kabla mkufunzi hajamwonyesha jinsi ya kushika chaki, baba, mama, nyanya na wazee wa kwao walikwisha kumfundisha mtu mwema ni yupi, kazi ni nini, na mtoto aseme lini na anyamaze lini. Mafunzo hayo huingia naye darasani kila siku, hata asipoyafikiri.

Mfano wa Butiama

Mfano ulio wazi ni wa Hayati Julius Nyerere, ambaye hata alipokuwa Rais aliitwa Mwalimu. Alizaliwa mwaka 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mzee huyo. Mwana huyu wa mtemi alichunga mifugo kama wenzake, wala hakuingia shule mpaka alipokuwa na umri wa miaka 12. Baadaye alisoma Tabora, kisha akajifunza ualimu Makerere tangu 1943 hadi 1945. Alifundisha Tabora na, baada ya masomo ya Edinburgh, akafundisha Pugu, hata 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa.

Mwaka 1967 alitoa andiko lake "Elimu ya Kujitegemea". Humo alieleza kwamba Waafrika wa zamani walikuwa na elimu ijapokuwa hawakuwa na majengo ya shule, maana watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa. Alisikitika kwamba shule za kikoloni ziliwatenga vijana na wazazi wao, hata wakadhani kuwa mzee asiyesoma hana la kufundisha. Basi akataka shule ziwe na mashamba au kazi nyingine za kuzalisha mali. Katika fikira hizo twamwona mtoto aliyejifunza machungani kabla ya kujifunza vitabuni.

Lakini hakuyapokea malezi yake yote bila kuyapima. Mwaka huo huo, katika "Ujamaa Vijijini", alisifu ushirika wa jamaa ya kale, kisha akataja kasoro zake, na mojawapo ni kwamba wanawake hawakutendewa sawa na wanaume. Hilo ndilo jambo la kuiga: kuyajua malezi yako, kuyashika yaliyo mema, na kuyakataa yasiyofaa.

Kibaba cha kwenu si cha wote

Mwalimu asiyejua kwamba ana malezi hudhani kuwa desturi za kwao ndizo akili yenyewe. Huyu ni hatari kwa mtoto wa watu, kwa kuwa Kenya ni nchi ya makabila mengi, na mzaliwa wa Nyeri aweza kujikuta akifundisha Lamu.

Tazama mfano huu. Kwa desturi ya kale ya Wakikuyu haikuwa vyema kuhesabu watoto wa mtu. Binti za Mumbi, walio asili ya koo za kabila hilo, husemwa kuwa "kenda mũiyũru", yaani tisa iliyojaa, ijapokuwa hesabu yao ni kumi. Basi mwalimu mgeni akimwuliza mtoto wa nyumba ishikayo desturi hiyo, "Ninyi ni wangapi nyumbani?" naye akasitasita, je, hajui hesabu? Kadhalika mtoto ainamishaye macho mbele ya mkubwa huenda amefundishwa kuwa hiyo ndiyo heshima; mwalimu aliyelelewa kwingine atamwita mwenye hila. Na mtoto wa pwani aliyeanzia chuo cha Kurani, akizoea kusoma kwa sauti na kuhifadhi moyoni, asidharauliwe kuwa ni kasuku. Kumbukumbu yake ni mtaji, na kazi ya mwalimu ni kuongeza juu yake maana na maswali.

Mtoto akiisha kuitwa mjinga au mkaidi, hufika siku akaamini. Hasara hiyo hailipiki kwa cheti cha mwalimu.

Yafaayo kutendwa

Kwanza, mwanafunzi wa ualimu aandike mambo aliyofunzwa nyumbani juu ya adabu, adhabu, na kazi za wavulana na wasichana, kisha ajiulize sababu ya kila moja. Pili, afikapo shule ya ugenini, awatembelee wazazi na kuwasikiliza wazee kabla ya kuhukumu. Tatu, ajifunze walau maamkizi ya lugha ya mahali hapo.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni desturi gani ya kwenu ungependa kuiona shuleni, na ni ipi ungeiacha nyumbani?
2. Mtoto akinyamaza aulizwapo, mwalimu atajuaje kama ni heshima, hofu, au kutojua?
3. Wazazi wawezaje kumsaidia mwalimu mgeni kuwaelewa watoto wao?