KUJARIBU GOBORI KABLA YA KULINDA SHAMBA

Uwele na mtama vinapoanza kutoa masuke, ndipo usingizi wa mkulima wa nyanda za kati unapokatika. Mchana nyani hushuka milimani, usiku nguruwe huingia shambani, na mwenye shamba hukaa juu ya dungu pamoja na moto wake, debe lake la kupiga, na kama analo, gobori lake. Somo hili ni la huyo mwenye gobori. Halimfundishi kuwinda, lamfundisha kujua, kabla ya usiku huo kufika, bunduki yake itafanya nini atakapoifyatua.

Risasi za ganda hujazwa kiwandani kwa mizani, na ya kumi ni sawa na ya kwanza. Gobori hujazwa na mwenyewe, kila mara upya: baruti, tambara, risasi, tambara tena. Mkono wa leo si mkono wa jana. Mtu akishindilia gizani, huku ana baridi na hofu, aweza kuzidisha nusu ya kipimo asijue. Kisha husema, "Gobori langu lina kichaa, siku moja lapiga juu, siku nyingine lapiga chini." Lakini kichaa si cha gobori.

Silaha hii ni mgeni wa zamani kwetu. Ililetwa kutoka pwani na misafara iliyopita Ugogo katika karne ya 19. Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia bunduki za namna mpya zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Zile za kushindilia, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, ziliachiwa mlango pamoja na baruti yake nyeusi. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobori kudumu mikononi mwa watu wetu baada ya kuachwa na majeshi ya Ulaya.

Kabla ya yote, tazama gobori lako ni la namna gani. Katika nchi ya Uingereza mitutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, na uliostahimili hupigwa muhuri. Mafundi wa London walipata hati yao ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813. Gobori lililofuliwa kijijini kwa bomba la maji halina muhuri huo. Bomba lilifanywa kuchukua maji, wala halikufanywa kuzuia moto wa baruti. Gobori la namna hiyo usilijaribu hata mara moja, lipeleke polisi. Na hata lililo jema halimilikiwi bila leseni, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye leseni na alipeleke kwanza kwa fundi mwenye kibali, autazame mtutu ndani na nje, amwambie kipimo cha chini cha baruti kinachoufaa. Hicho ndicho cha kuanzia.

Baruti iwe nyeusi, tena ya dukani. Baruti isiyo na moshi, itolewayo katika risasi za bunduki mpya, usiitie katika gobori hata chembe. Nguvu yake ni nyingine kabisa, na huupasua mtutu.

Mahali pa kujaribia pachaguliwe kwa akili. Mtaarifu mtendaji wa kijiji na majirani, na uulize polisi kama mahali hapo paruhusiwa. Ukingo mrefu wa korongo wafaa, na makorongo hatuyakosi. Mawe ya milima yetu hayafai, kwa kuwa risasi ikigonga jiwe hurudi isikotazamiwa. Mbuyu nao usiufanye shabaha: una wenyewe, na mara nyingi una nyuki. Tazama kwanza kama kuna watoto wanaochunga mbuzi upande wa nyuma.

Tundika gunia kuukuu, chora juu yake duara la mkaa lenye upana wa sahani, kisha rudi hatua 25. Kipimo cha baruti kiwe kikombe kidogo cha pembe au cha mwanzi kilichotiwa alama. Usipime kwa kiganja, wala usimimine kutoka katika chupa kubwa moja kwa moja mtutuni, maana cheche iliyobaki ndani huweza kuiwasha chupa nzima mkononi mwako. Shindilia mpaka risasi ikae juu ya baruti pasipo nafasi. Uso wako usiwe juu ya mdomo wa mtutu. Fataki huwekwa mwisho, gobori likiwa limeelekea shabaha.

Hapa pana jambo dogo lenye faida kubwa. Tia mdeki katika mtutu mtupu, ukate alama mahali ulipofikia mdomo wa mtutu. Ukisha kushindilia vema, kata alama ya pili. Tangu siku hiyo mdeki utakuambia kama gobori ni tupu, limejaa, limejazwa mara mbili, au kama risasi imekwama njiani. Usidhani kosa hili ni la wajinga. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, mwaka 1863, bunduki nyingi zilizookotwa zilikutwa zimeshindiliwa mara mbili na zaidi, nazo zilikuwa za askari waliofundishwa. Mimi namjua mzee mmoja aliyebaki na vidole viwili mkono wa kushoto. Risasi yake ilikwama katikati ya mtutu, naye akadhani imefika.

Piga mara tatu kwa kipimo kile kile, ukipitisha tambara lenye unyevu ndani ya mtutu kila baada ya mlio. Kisha nenda ukayasome matundu. Yakiwa karibukaribu, hata kama yako kando ya duara, kipimo ni kizuri. La kurekebisha ni namna ya kulenga. Yakitawanyika, ushindiliaji hauko sawa, au matambara hayalingani, au risasi ni ndogo kwa mtutu. Badili kitu kimoja tu, upige tena mara tatu. Ukibadili viwili pamoja hutajua ni kipi kilichofaa. Walenga shabaha wa Marekani wanaojijazia maganda nyumbani hufuata desturi iyo hiyo: huanza chini, hujaza machache, huandika kila kitu. Nawe andika katika daftari.

Wengi hudhani mlio mkubwa ndio nguvu. Tandika shuka jeupe chini mbele ya mtutu, upige. Ukiona chembe nyeusi nyingi zisizoungua, baruti yako yatupwa bure. Zidisho lile laumiza bega tu na kuuchosha mtutu. Punguza.

Ukifyatua na gobori lisilie, usilishushe wala kulichungulia. Lielekeze kwenye shabaha dakika mbili nzima, maana moto waweza kuchelewa.

Sasa rudi hatua 40, kisha 50, uone matundu yanavyoachana. Mahali yanapotoka nje ya duara ndipo mwisho wako. Mnyama aliye mbali kuliko hapo mfukuze kwa debe. Nguruwe aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na asubuhi atakayekutana naye ni mtoto aendaye kisimani. Juu ya wanyama gani waruhusiwa kuwapiga, muulize afisa wanyamapori wa wilaya. Tembo watokao upande wa Swagaswaga na Mkungunero si kazi ya gobori kabisa. Waitwe askari wa wanyamapori. Kwa kwelea nalo halifai: ukiua kumi, maelfu hurudi kabla moshi haujaisha.

Jioni hiyo hiyo osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe, upake mafuta, kwani masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuleta kutu. Ukiwa dunguni usiku, fataki ikae mfukoni mpaka mnyama aonekane waziwazi. Na kukipambazuka bila kupiga, lipige ukingoni mwa korongo kabla ya kurudi. Gobori lililoshindiliwa lisiingie nyumbani.